Sijawahi Kumwona Akila

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Muuguzi aliniuliza, "Baba, binti yako nyumbani anakula vipi?"

"Anakula vizuri," nikajibu papo hapo.

Mke wangu alinitupia jicho. Binti yetu, aliyeketi katikati yetu, akainamisha kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa ameanguka bafuni chuoni kwao, hapo Tororo, akakimbizwa hospitali. Walimpima malaria, wakampima taifodi, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI, wasione kitu. Walichokiona ni kwamba moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno, na kwamba msichana huyu kwa muda mrefu alikuwa hali chakula. Hali, na si kwa kukosa.

"Anakula vizuri," nikarudia, safari hii kwa ukali, maana sipendi kuulizwa kitu mara mbili.

"Mara ya mwisho wewe mwenyewe kumwona akila ni lini?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Chumba kizima kilikuwa kinanisubiri.

Ni lazima nieleze. Kwetu Iyolwa mwanamume mwenye mji wake haketi jikoni. Jiko ni kijumba cha peke yake nyuma ya nyumba kubwa, na wenye jiko ni mama yangu, mke wangu na mabinti. Mimi huletewa chakula sebuleni. Anayekileta ni binti: hupiga magoti, akanimiminia maji ya kunawa, akaweka kikapu cha kwon, ugali wetu wa wimbi, na bakuli la mboga, kisha akaondoka. Baadaye hurudi kutoa vyombo. Tangu alipojua kubeba bakuli bila kumwaga, huyu ndiye aliyenilisha. Lakini kati ya kuweka vyombo na kuvitoa, yeye anakula wapi na anakula kiasi gani, hilo halikuwa jambo la baba. Tena kwetu msichana aliyelelewa hatafuni mbele ya baba yake. Nilijivunia sana hilo. Wageni wakija nilikuwa nawaambia, huyu wangu ana adabu.

Huko jikoni nako wote wanakula kwenye kikapu kimoja. Mikono inaingia, mikono inatoka, nani atahesabu matonge ya mwenzake? Mke wangu, ambaye ni Msamia wa Lunyo na hajui kutulia, ndiye anayepakua, anayefukuza kuku, anayekimbilia maziwa yakichemka. Akirudi kuketi anakuta kikapu kitupu na kila mtu anasema ameshiba. Binti yetu ndiye aliyekuwa anasema ameshiba kabla ya wote.

Na mimi nina kosa langu la pekee, ambalo sitalitafutia jina zuri. Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Busia, upande wa Uganda, na hujisifu kwamba mtu akisimama tu mlangoni naweza kutaja kiuno chake bila kumpima. Mwaka ule binti yangu aliniletea sketi niipunguze. Nikaipunguza. Baada ya muda akairudisha. Nikaipunguza tena, nikamtania kwamba aliyeishona alimpima shangazi yake. Mara ya tatu niliifumua yote nikaishona upya, huku moyoni nina raha kwamba mwanangu msomi bado anauamini mkono wa baba yake. Mtu mzima na akili zangu, na hata siku moja sikujiuliza yule aliyekuwa anaijaza ile sketi amekwenda wapi.

Alipoanguka, kila mtu alikuwa na lake. Mtaani walisema ni ule ugonjwa wa kukonda, wakawa wanamwamkia kwa mbali. Mama yangu alisema jicho la mtu limeingia kwenye chakula chake, akataka aitwe mama mmoja anayejua kulitoa. Mimi nilisema ni ukaidi. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Ndipo hospitali ikatutuma kwenye kikundi ambako niliulizwa lile swali. Tulikuwa familia nne, zote na vijana waliokwisha kuwa watu wazima, tukikutana kila Jumamosi katika chumba cha mikutano cha kituo kimoja cha afya mjini Tororo. Muuguzi wetu alikuwa Mkenya wa makamo aliyesomea magonjwa ya akili, na alivuka mpaka wa nchi asubuhi kuja kukaa nasi hadi alasiri. Kila familia ilibeba chakula cha mchana kutoka nyumbani. Tulikula pamoja kwenye meza ndefu, mzazi anapakua, kijana hapakui, na hakuna kuondoka mpaka sahani iishe au muda uishe. Mezani hakuna kuzungumzia chakula wala mwili wa mtu. Baada ya kula tunazungumza.

"Ugonjwa ni ugonjwa na mtoto ni mtoto," muuguzi alituambia siku ile ya kwanza. "Ukiukasirikia ugonjwa, usimpige mtoto kwa sababu ndiye aliye karibu. Na hatukuja hapa kutafuta mwenye makosa."

Sikumwamini. Mara nyingi anayesema hatafuti mwenye makosa huwa ameshampata.

Kati ya familia hizo kulikuwa na mama mmoja wa Busia ya Kenya, muuza mitumba, mwenye sauti ya kuita wateja hata akinong'ona. Mwanawe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Yeye alikuwa anakula sana, kisha anakwenda kujitapisha. Mimi na mama huyo hatukuhitaji kutambulishwa. Mitumba imezima cherehani nyingi Busia kuliko kutu, na niliposema kazi yangu alicheka akanipa mkono. "Kumbe ndio wewe unatutukana kila siku," alisema. Nikakubali kwamba ndio mimi.

Kazi ya nyumbani tuliyopewa sisi ilikuwa moja: baba na binti wale meza moja, kila mlo.

"Sista, kwetu jambo hilo halipo," nilisema.

"Najua," akajibu taratibu. "Ndiyo maana ugonjwa umepata mahali pazuri pa kujificha."

Basi tukaweka meza sebuleni, sahani yangu na sahani yake. Mama yangu alisimama mlangoni akauliza tangu lini baba na binti wanatazamana midomo. Binti aliketi na mikono mapajani. "Baba, naona haya," alisema. Nami sikujua kama ni haya kweli, au ni ugonjwa uliojifunika haya, na nadhani hata yeye hakujua. Nikawa namkodolea macho kama askari wa forodha anavyolikodolea gunia. Nilihesabu kila tonge. Lilipochelewa nilikohoa. Tonge likipita nilishusha pumzi kwa sauti, naye akishasikia hiyo pumzi haliji jingine.

Wiki ya tatu nilishindwa. Niliipiga meza kwa kiganja nikapiga kelele, "Kula!" Bakuli likaruka, mboga ya kunde ikamwagika sakafuni. Binti yangu akashuka kitini, akapiga magoti, akaanza kuizoa kwa mikono. "Pole baba," alikuwa anasema. "Pole baba. Pole." Mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili ilikuwa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Nikatoka nje.

Jumamosi iliyofuata, vijana walipopimwa uzito kama kila wiki, mizani ilisema ameshuka tena. Muuguzi alituita pembeni mimi na mke wangu, akasema bila kuzunguka. Kama Jumamosi ijayo atakuwa ameshuka zaidi, ataandika barua apelekwe hospitali kubwa ya Mbale, alazwe, alishwe kwa mrija wa puani. "Moyo wake umechoka," alisema. "Wenye moyo wa namna hii wengine hulala wasiamke. Nawaambia kwa sababu ninyi ndio wazazi." Mke wangu alinishika mkono hadharani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuoane.

Siku hiyohiyo, tulipokwenda mezani, muuguzi akatangaza, "Leo tunabadilishana watoto."

Binti yangu akapewa mama wa mitumba. Mimi na mke wangu tukapewa kijana wake. Nilitaka kulalamika, lakini kijana alikuwa ameshafika mbele yangu na sahani, ananiamkia kwa heshima zote. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa watu, alikuwa mgeni wangu. Kwetu mgeni haachwi ale peke yake hata kama mwenyeji ameshiba hadi shingoni. Nikanawa, nikamega, nikala naye. Nikamsimulia habari ya bwana harusi aliyekuja kuchukua suruali asubuhi ya harusi nikagundua nimeshona miguu yote miwili ya kushoto. Akacheka mpaka akaweka tonge chini. Mlo ulipoisha ilitakiwa akae nasi nusu saa asiende chooni. Nilimwona anaanza kutikisa goti. Sikumwambia kaa. Nilimuuliza kuhusu timu anayoishabikia, nikaitukana kidogo, naye akabaki kuitetea mpaka muda ukapita. Wala sikupaza sauti. Mke wangu alikuwa ananishangaa, na mimi mwenyewe nilijishangaa.

Ndipo nikatazama ng'ambo ya meza. Mama wa mitumba alikuwa anakula samaki kwa mikono miwili, miiba imejaa kando ya sahani, na anasimulia wateja wawili waliogombania koti. "Huyu anavuta mkono, huyu anavuta mkono, ikapasuka katikati! Nikawaambia, haya, sasa mko na koti mbili, mwende nyumbani!" Binti yangu akacheka. Alicheka akiwa na chakula mdomoni, akauziba kwa mkono, akatafuna, akameza, kisha akamega tena. Hakumaliza sahani, lakini alipita nusu.

Nitasema kweli, wivu ulinishika. Kwangu hali, kwa muuza mitumba anakula! Nilijikaza kama mwanamume nisiinuke.

Baada ya kula muuguzi aliuliza kila mmoja ameona nini. Kijana akaanza. "Huyu mzee alikula na mimi," alisema. "Mathe huwa ananicheki tu."

Mama yake aliisukuma kando sahani yake ya miiba. "Ni ukweli," akasema. "Mimi kwa nyumba sikuli. Naketi kwa mlango ya choo nikilinda."

Muuguzi akamgeukia binti yangu. Binti akasema kwa sauti ndogo, akiitazama meza, "Huyu mama alikuwa anakula tu. Hakuwa ananingoja."

Hapo nikaiona ile meza yetu ya sebuleni. Wiki tatu nimeketi mbele ya sahani iliyojaa, na sikuwahi kuigusa. Chakula changu kilikuwa kinapoa huku nalinda chake. Akishaondoka ndipo nakula, peke yangu, kama nilivyozoea.

Jumatatu sikufungua kibanda. Niliandika kwenye kipande cha katoni kwamba fundi ana shughuli za kifamilia, nikakitundika mlangoni, nikarudi nyumbani. Saa ya chakula cha mchana nikaingia jikoni.

Mama yangu aliinuka. Hakunigombeza, alichukua kigoda chake na bakuli lake akaenda kulia barazani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mvua ilinyesha ikawa lazima aingie, lakini aliketi akanipa mgongo. Mke wangu alinitandikia mkeka. Magoti yalilia, moshi ukanitoa machozi, kuku akapita juu ya mguu wangu kama anayeuliza mgeni huyu ni wa nani. Niliomba mimi na binti tupewe sahani zetu, wengine waendelee na kikapu chao. Kisha nikala. Sikukodoa macho. Nilisimulia ya kibandani: mama aliyetaka gauni la gomesi lenye mabega ya kumtisha mke mwenzake, padri aliyekataa kukiri kwamba amenenepa.

Binti alikula polepole sana. Mimi humaliza upesi, na nikishamaliza siwezi kumwacha peke yake, basi nikawa naongeza. Mke wangu anapakua, nakula. Anapakua tena, nakula tena. Kufikia Jumatano nilikuwa nanenepa kwa niaba ya ukoo mzima.

Alhamisi alikwama. Nusu ya sahani ilikuwa bado, mkono wake ukasimama juu ya kwon, haushuki wala haurudi. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Nilisikia kelele yangu inapanda kutoka tumboni, naijua njia yake, inapitia kifuani inakuja kooni. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nilimwona yuko Mbale na mrija puani, kisha nikaona zaidi ya hapo, nikaona watu wamejaa nyumbani kwangu na viti vya kuazima.

"Naogopa," nikasema.

Haikuwa sauti ya kelele. Sijui ilikuwa sauti gani. "Naogopa kukuzika, mwanangu. Nimekuwa na wewe miaka ishirini na mmoja na sijawahi kukuona ukila. Hata siku moja. Sasa ndiyo nimeanza kukuona."

Mama yangu aliacha kutafuna. Mke wangu akashika mwiko bila kuutumia. Binti akafuta uso kwa kiwiko.

"Uliwahi," alisema.

"Lini?"

"Mama alipokwenda kumzaa mdogo wangu. Ulinichukua tukaenda kibandani. Jirani alikuletea uji kwenye chupa ya chai na hapakuwa na kikombe. Ukaumimina kwenye kifuniko cha chupa, ukaupuliza. Wewe ulikunywa kifuniko kimoja, mimi kimoja, wewe kimoja, mimi kimoja. Akaja mteja, ukamwambia angoje kwanza, unakula na mtu."

"Nakumbuka," nikasema haraka.

"Hukumbuki, baba." Alitabasamu huku machozi bado yanashuka. "Ulikuwa uji wa nini?"

Nilimtazama mke wangu anisaidie, lakini yeye siku hiyo alikuwa wodini. Mama yangu, bila kugeuka, akasema, "Mwambie wa wimbi."

"Wa mahindi," akasema binti, na jikoni kote wakacheka, pamoja na mgongo wa mama yangu. Katika kile kicheko mkono wake ukashuka. Akamega, akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna mbele ya baba yake. Nami nikamega la kwangu, ingawa nilikuwa nimeshiba mpaka pumzi inapita kwa shida. Tulimaliza alasiri, mvua imekwisha anza na kukatika mara mbili.

Mpaka leo siikumbuki siku ile ya uji. Nimejaribu nikiwa kwenye cherehani, nimejaribu kanisani, sipati kitu. Inaniuma, na wakati huohuo nafurahi kwamba yeye anayo. Nisimdanganye mtu pia: baada ya hapo zilikuja wiki nyingine mbaya, na mwaka ule haukuwa mfupi. Lakini yuko hai.

Jumamosi ile alisimama kwenye mizani akiwa ameipa namba mgongo, kama vijana wote wa kikundi, wasiuone uzito wao. Muuguzi aliinama, akaangalia, akaandika, akafunga faili. Akasema barua haitaandikwa leo. Mke wangu akaketi chini palepale sakafuni na kitambaa chake cha kichwa kikafunguka.

Muuguzi akanigeukia. "Baba, wiki hii umefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu, ya kibanda nilichofunga, ya moshi na mama yangu na kigoda chake. Yote yakanipotea.

"Nimekula," nikasema.